Balbu

Ilikuwa ndogo kama punje ya njugu,
ile inayomulika kibao cha namba, kule nyuma,
mahali dereva hapaangalii
kwa kuwa macho yake yamelipiwa kutazama mbele.
Saa kumi na moja alfajiri, njia panda ya Kisian,
gari limejaa mikate, bado moto,
vioo vinatoka jasho.
Afisa alizunguka, akainama, akasema kwa adabu:
Mzee, huku nyuma ni giza.

Nilicheka. Hilo nalikiri.
Nikamnyooshea mkate mmoja, si hongo, salamu tu.
Akaukataa.
Ndiye askari wa kwanza kukataa kitu changu,
na namheshimu kwa hilo hata leo.
Akaandika karatasi: Alhamisi, saa tatu, Maseno.

Alhamisi nilikuwepo. Andikeni hilo mahali.
Nilifika saa mbili na nusu na shati la harusi,
mikate ya Luanda ikinisubiri garini.
Jina langu liliitwa saa nne na ushei,
nami nilikuwa msalani nyuma ya jengo
nashindana na mlango uliogoma kufunguka.
Niliporudi karani alikwisha funga faili.
Wewe ulitoroka, alisema, bila kuinua uso.
Nikamwonyesha miguu yangu.
Aliyetoroka husimama hivi?
Lakini hati ilikuwa imepigwa muhuri,
na wino, kumbe, hukauka haraka kuliko unga.

Nikalala ndani siku nne, Ijumaa ilikuwa sikukuu.

Jumatatu hakimu aliuliza kama maelezo ni kweli.
Nikasema: Ni kweli.
Mama alinilea Ebusakami niseme hivyo.
Balbu haikuwaka: ni kweli.
Niliitwa, sikuitika: ni kweli.
Kuhusu mlango hakuna aliyeuliza.
Maneno mawili, mafupi kama chafya,
kalamu ikaandika elfu arobaini ama miezi minne.
Nilidhani amesoma faili ya mtu mwingine.
Niligeuka nyuma kumtafuta mtu huyo.

Trufosa alipiga simu mpaka salio likaisha.
Kaka yangu Ombayo, elfu mbili.
Mwalimu Wekulo, mia tano, na aya ya Zaburi.
Kikundi cha mazishi kilijibu kwa masikitiko
kwamba katiba yao ni ya waliokufa.
Mchango ukafika elfu kumi na tatu, ukachoka.

Balbu ni shilingi themanini.
Nimegawanya, huku muda ninao:
ningenunua mia tano,
nikawasha kila gari bovu toka Kisian hadi Luanda.

Kodiaga tunahesabiwa tumechuchumaa, watano watano.
Odera wa Ahero aliniuliza niliua nani.
Nikamwambia, taa.
Alicheka hadi askari akagonga mlango,
kisha akanitazama, akaona sitanii,
akanisogezea nusu ya blanketi lake.

Najua methali ya ufa na ukuta,
niliwaandikia wanangu kwenye madaftari yao.
Lakini ukuta huu, mrefu hivi, wenye vioo juu,
ni wa ufa gani?

Na juu yetu iko taa moja haizimwi.
Usiku kucha inatukodolea macho.
Nalala na shati usoni, mimi
niliyeletwa hapa na giza la kidole kimoja.

Jumamosi Trufosa alikuja na kiberiti.
Askari akakitikisa: Nini hiki?
Akafungua. Njiti hazikuwemo.
Kioo hakiruhusiwi, alisema,
lakini akamwacha aninyanyulie upande wa pili wa wavu.
Gari bado liko pale mahakamani, aliniambia,
mikate imeota ukungu hadi dirishani,
Ombayo anataka kulirudisha nyumbani
na hakuna ajuaye inavyofungwa hii.

Saa ya wageni ilikuwa inaisha.
Tulikuwa na ya watoto, ya karo, ya paa.
Nikamwambia:
Sukuma kidogo, kisha zungusha kulia.
Ikikataa usiilazimishe.
Itoe, uifute na kanga, uanze tena.