Pembe

Nilikinunua Kadutu, kwa mtu aliyeuza pia betri na nyembe:
kisanduku cheusi, zipu imeshikwa na kutu,
ndani kibanio, fimbo nyembamba ya chuma,
na mawe manne yenye rangi mbalimbali ili hata mjinga asikosee.
Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kichina.
Nikajifunza kwa picha, kama mtoto wa chekechea,
na kwa kuharibu.

Cha kwanza kuharibika kilikuwa changu mwenyewe,
kisu cha kukunja, mpini wa plastiki, cha kumenyea viazi.
Nilikibana kwa hofu, nikakisugua kwa hasira.
Kikatoka na makali ya mawimbi,
kama barabara ya Cimpunda baada ya mvua.
Jiwe halitaki nguvu.
Jiwe linataka urudie.

Mji huu wote umesimama kwa pembe.
Nyumba zimeegemea kilima kama watu wanaosikiliza mlangoni;
chungwa likikuponyoka juu kule
utalifuata hadi uani kwa watu usiowajua.
Nimezaliwa mteremkoni. Vipi nishindwe na digrii ishirini?

Halafu nikaomba kisu cha baba.

Mpini wa pembe ya ng'ombe, bapa jembamba limeliwa na miaka.
Kilipandikiza miparachichi ya nusu ya mtaa,
kilikata uzi wa viatu vyangu vya komunyo,
na kamba ya jeneza la mama, ilipokwama.
Baba alikinoa mlangoni, kwenye ngazi ya saruji,
mate kidogo, macho kwa wapita njia.
Ngazi ile leo ina bonde. Mvua ikinyesha, kuku hunywa humo.

Sasa mikono yake inatetemeka.
Chai tunamtilia nusu kikombe, na hakuna anayesema kwa nini.
Alikiona kisu chake kimebanwa, akacheka:
«Hii ni kisu ao ni mugonjwa wa opitali?»

Nilipaka makali wino wa kalamu nene,
nikapitisha jiwe mara moja, nione lilipogusa.
Upande wa kushoto wino ulifutika juu, mbali na makali;
wa kulia, kwenye ncha kabisa, uzi mmoja tu.
Nikapandisha fimbo, nikashusha, nikapaka upya.
Kushoto ishirini na nne. Kulia kumi na sita.

Nikadhani nimekosea. Nikapima tena,
kisha nikatoka, nikakaa pale alipokuwa akikaa.
Ngazi inainama. Kilima kinaivuta upande wa ziwa.
Miaka arobaini baba aliamini mkono wake umenyooka,
na mteremko ukawa unaandika namba zake chumani.

Picha zilitaka pande zifanane.
Ningeweza. Ni chuma kidogo tu, vumbi la kijivu la kupuliza.
Nikakaza skrubu kwenye ishirini na nne.
Nikageuza. Kumi na sita.

Jiwe jekundu. Jiwe la bluu.
Unywele wa chuma ukachomoza upande wa pili,
jicho haliuoni, kucha inaujua.
Jeupe likauondoa.

La mwisho, laini kama kipande cha sabuni kilichobaki, sikulimaliza.
«Leta.»
Nilinyoosha mkono nimshike kiwiko, nikaurudisha.
Pembe ilikuwa imeshikwa na fimbo; jiwe halikuwa na njia nyingine ya kupita.
Mkono wake ukatetemeka, mbele nyuma, mbele nyuma,
tetemeko lile dogo la haraka
ambalo daktari hulitazama na kuandika,
na kila tetemeko likanoa.

Aliutazama mkono wake
kama mtu anayemwona mtoto mvivu ameokota jembe bila kuambiwa.
Robo saa nzima. Hakuongea.
Kisha akachukua bili ya umeme, ambayo hatujalipa,
akaipasua toka juu mpaka chini, bila sauti.
Vipande viwili vikatua sakafuni,
vikateleza polepole
upande wa ziwa.