Herufi za Kushoto

Kiharusi kilipita Jumanne, kabla birika halijachemka,
kikachukua nusu ya uso wa Vera Mininni,
na ulimi, na mkono wa kulia.
Kikamwachia Bedford ilivyo: manyunyu,
dohani za kiwanda cha matofali ambazo zilishabomolewa
lakini yeye bado anaziona,
na taipureta ya kijani chini ya ngazi.

Mjukuu, Dario, aliipangusa, akaitia mafuta ya cherehani.
"Andika, bibi. Herufi hazihitaji ulimi."

Ila vidole vina skuli yao.
Mwaka hamsini na sita Bi Clegg aliwafunika wasichana mikono
kwa kitambaa cha meza, akagawa viwanja:
wewe linda A, wewe S,
asikanyage mtu ua wa jirani.
Miaka thelathini ya ankara za matofali.
Na sasa mkono wa kushoto, mtiifu
kama askari ambaye hakuambiwa kwamba vita vimekwisha,
ulifika mpakani, penye T, G na B,
ukasimama.

Ndipo yakaja maneno marefu
ya upande mmoja.

Stewardesses.
Dario alicheka. Wale wasichana wa ndege, kofia zimekaa kimadaha;
Vera alipanda mara moja tu, kwenda Bari kumzika mkwe,
akarudi na mfuko uliojaa peremende zao.

Reverberated.
Sauti iliyogonga ukuta ikamrudia mwenyewe.
Nyumba imekuwa hivyo tangu Lino afe:
unaweka kikombe, kikombe kinakujibu.

Daktari alisema Pasaka itamkuta akitembea.
Vera alisubiri mlango ufungwe.
Exaggerated.
Katia chumvi, na chumvi yenyewe ya gunia.

Aftereffects:
kinachobaki jambo likishaondoka. Kovu. Bili.
Viatu namba arobaini na tatu karibu na mlango wa nyuma.

Aliweza kuomba tea, chai.
Milk hakuweza; maziwa yote yako ng'ambo, M na I na L na K.
Wiki tatu akanywa chai ya rangi
na Dario akidhani ndivyo apendavyo.

Ng'ambo hiyohiyo iko lollipop, pipi ya kijiti
aliyosukumiwa siku ile kwenye dirisha la mishahara
na kijana mwenye vumbi jekundu kwenye nyusi.
Iko polyphony, sauti nyingi zikipishana bila kugombana:
wanaume saba wa Puglia jikoni mwake Jumapili,
kila mmoja na wimbo wake, na sufuria moja.
Na yuko Lino mwenyewe, L, I, N, O,
hakuna herufi hata moja iliyovuka.
Mininni vilevile, jina zima.
Vera liko huku.
Kaolewa nalo miaka hamsini
asijue kwamba kila alipotia sahihi kwa mashine
mkono mmoja ulikuwa ukiuita mwingine.

Love je? Inaanzia kulia, inaishia kushoto.
Alipiga ve.
Karatasi ilikaa hivyo kutwa, ve,
mlango uliofunguliwa nusu.

Lugha ninayosimulia mimi husema kulia ni upande
na kulia ni machozi.
Kwenye mashine ile mambo yamepinduka:
tears, machozi, ziko kushoto,
angeweza kuziandika hadi utepe ukauke.
Hakuziandika.

I, yaani mimi, iko kulia.
You, yaani wewe, iko kulia.
Dario akakitazama kidole kikitafuta
namna ya kuwataja watu wawili
pasipo mimi, pasipo wewe.
Kikapanda, kikashuka pembeni, kikapanda tena.

We were.

Tulikuwa. Dario alingoja
nukta, maana bibi hajawahi kuacha sentensi wazi,
lakini nukta iko kulia, safu ya chini, kidole cha tatu