Swali la Kumi na Nne

Mara ya kwanza walikuja na gari jeupe mpaka Bulongwa,
wakanitoa damu, vichupa vitatu,
wakaniachia soda na kipande cha sabuni.
Damu ikasafiri. Mimi nikabaki.
Sijui ilifika wapi, wala ilisema nini juu yangu.

Safari hii nimeitwa mwenyewe, Mbeya.
Basi limetambaa Kitulo ndani ya ukungu,
nimefika na matope ya Makete kwenye viatu,
nikayaingiza hivyo hivyo kwenye chumba chenye vigae.

Kushoto kwangu Ambakisye, mchuma chai wa Katumba,
vidole vyeusi kwa utomvu.
Kulia Nkwimba, mfugaji wa Ubaruku,
anakivuka Kiswahili polepole, kama ng'ombe mtoni.
Daktari Mgaya akasema: Leo ninyi si wagonjwa, ni watafiti wenzangu.
Nkwimba akapapasa mfuko: Na hivi vidonge vya presha, ni vya nani?
Tukacheka. Chai ikamwagika kwenye karatasi.

Maswali kumi na matatu yakapita salama.
La kumi na nne:
*Mwezi uliopita, umesahau dawa mara ngapi?*

Nikasema, Daktari, nani kasahau?
Mtu husahau ufunguo, husahau chumvi dukani.
Hii naikumbuka hata usingizini.
Ila kuna asubuhi nimeitazama, sufuria tupu,
nikaiambia: subiri viazi viive.
Ambakisye: Kinanituma chooni kila mara,
na choo cha shamba kiko kule, karibu na mizani.
Kilo zangu atachuma nani?
Nkwimba: Masika mto unajaa.
Dawa ng'ambo ile, mimi ng'ambo hii.
Hapo kamsahau nani mwenzake?

Kalamu ya daktari ikasimama.
Kisha akaisukuma mezani, ikaja kwetu.

Tulibishana mpaka ugali ukapoa.
*Ilikushinda?* Nkwimba akakataa, hajashindwa na simba.
*Uliiacha?* Hilo ni neno la talaka.
Mwisho nikaandika mimi, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba:
*Siku zipi wewe na dawa mlikosana, na palikuwa na nini?*
Mlikosana. Kupishana kumo, ugomvi umo.

Wakati wa kugawa nauli (ya Makete ilipungua, tukaisemea)
nikamuuliza: Na ile damu yangu ya kwanza?
Hakuwa na jibu.
Akavuta karatasi yenye doa la chai,
akaandika chini kabisa: 15.