Matundu Manne

Bi Barke Shekuwe hushona kofia za viua,
na swali lake la kwanza halikuwa juu ya kisu.
"Matundu mangapi?"
Manne, nikamwambia. Moja kitovuni, matatu chini ya mbavu.
Akacheka. "Kofia moya naitoboa mia nane,
na haijapata kulia."

Nikavuta kiti. Hii ndiyo kazi yangu kabla ya kazi:
kueleza njia mbili bila kuiremba yoyote.

Nusukaputi: dawa inapita mshipani,
unahesabu kutoka kumi kurudi nyuma, saba huifiki.
Mpira kooni, mashine inakupumulia.
Huna habari, hata ya jina lako.
Ukiamka koo limekwaruzika,
na huenda jioni nzima ukaikumbatia beseni.

Au sindano ya mgongo:
unakaa, unajikunja kama anayetafuta shazia mkekani,
nami napapasa upenyo kati ya pingili mbili.
Miguu inakuwa ya mtu mwingine,
macho yanabaki yako.
Ila tumbo lazima lijazwe hewa ili kamera ione,
na hewa hiyo ni korofi:
hubanwa tumboni, hulalamika begani.

"Ungekuwa wewe?"

Sijawahi kulijibu vizuri swali hili.
Nina daftari. Safu ya waliolala, safu ya waliokesha.
Nimejumlisha, nimetoa,
kila safu ina deni lake.
Nikasema tu, Daktari Nyevu hupenda walale,
mkono wake hutulia zaidi.
"Nyevu siye mwenye tumbo."

Dakika ya ishirini, bega la kulia likamshika.
"Mwanikata huku, naumia kule. Hesabu gani hii?"
Bomba langu la akiba lilikuwa tayari,
dawa nyeupe kama tui la kwanza;
neno moja, ningemlaza.
Nyevu akanitazama juu ya barakoa.
Nikamwomba apunguze hewa kidogo,
nikamuuliza Bi Barke kiua huanzia wapi,
ukingoni au utosini.
Akanieleza. Meno yameumana, akanieleza,
uzi unazunguka mara ngapi, unafichwa wapi ncha yake,
na jinsi mkono wenye haraka unavyojulikana tangu mlangoni.
Nyevu, nadhani, alisikia hilo la mwisho.

Mfuko ukatokea kitovuni,
uliomtia nyongo kila sahani ya pilau miaka mitatu.

Siku ya tatu simu ikalia, kutoka Langoni.
"Kitwa. Nikiinuka chapasuka, nikilala chatulia."
Nililijua hilo. Nikafungua safu ya waliokesha,
nikaandika kwa wino mwekundu.
Lala, nikamwambia, kunywa maji, kahawa pia,
na kesho asubuhi uletwe nikuone.
Kisha, bila kuulizwa:
niwie radhi, Bi Barke. Pengine ningekulaza.

Akanyamaza, kadiri ya kutunga uzi sindanoni.

"Naliskia vijiwe vikimiminwa koponi," akasema.
"Vitano. Nalivihesabu mwenyewe."