Tukio la Saba, Mara ya Nne

Dundee, kiwanda cha juti kilichofungwa.
Tumewasha taa, tumenyunyiza vumbi la kuazima,
unga wa ngano uliochanganywa na majivu,
juu ya mitambo isiyozunguka tena.

Catriona, mwigizaji wetu, kajifunga kitambaa kichwani.
Anamwambia mwenzake maneno niliyoyaandika
usiku kucha, ya mshahara na mgomo.
Anayasema vizuri. Nusura nilie.

"Kata!" asema Bi Ishbel Gourlay,
mshauri wetu wa siku mbili, kwa chai na nauli.
Si kazi yake kusema kata.
"Humu ndani hakuna aliyesikia neno.
Mitambo mia mbili, mwanangu!
Tulisema kwa midomo na vidole."

Nafuta ukurasa. Nafuta na wa pili.

Anamfundisha: kidole shavuni, msimamizi anakuja;
ngumi kifuani, mtoto yu mgonjwa;
vidole viwili vikitembea hewani, twende zetu.
Catriona anayapokea kama mtu anayeokota sindano gizani.

Tulipozima kamera, mafundi wakikunja nyaya,
nilimwona bibi peke yake kwenye mtambo wa kumi na moja,
anatazama ng'ambo, penye pengo,
vidole mbio, midomo ikifunguka bila sauti,
kisha akanyamaza, yaani, akashusha mikono,
akangoja zamu ya mwenzake.

Maonyesho yatafunguliwa Mei.
Hilo halimo.