Mshale Hauinuki

Saa kumi alfajiri, Kabale haina huruma.
Ukungu umekaa juu ya boneti kama mgeni
asiyejua kuaga.
Nawasha Ipsum: mngurumo, kikohozi, kisha sawa.
Nageuza kifundo cha hita hadi alama nyekundu
na upepo unatoka, tena una nguvu,
ila ni ule ule wa nje,
umepita ndani kuchukua tu harufu ya mazulia.

Nyuma, Ninsiima kaviringishwa blanketi mbili,
soksi tatu kila mguu,
chupa ya maji ya moto tumboni.
Miaka tisa. Selimundu.
Baridi kwake si ya kusugua viganja ikaisha,
huingia mifupani na misumari yake.
Kliniki iko Mbarara,
na kati yetu na Mbarara kuna Rwahi,
ambako hata mbuzi hutoa moshi puani.

Nikampelekea gari Beinempaka, fundi wa Kirigime,
mtu wa maneno haba na spana nyingi.
Nikasema: hita imekufa.
Akasema: hajafa mtu. Tumsikilize mgonjwa.

Akatazama fyuzi. Nzima.
Akafungua rejeta. Maji hadi shingoni.
Akaiacha injini ingurume dakika ishirini,
kisha akanishika mkono
kama mtoto anayefundishwa kuandika,
akauweka juu ya paipu mbili za mpira
zinazopenya kuingia ndani ya gari.
"Moja ikiwaka na mwenzake akapoa,
kuna uchafu umeziba. Hizi je?"
Zote vuguvugu. Chai iliyosahaulika.
"Na huu mshale wa joto,
umewahi kuuona umeinuka?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nikijisifu kwa majirani:
gari langu halichemki.

Nati mbili. Kifuniko. Ndani, tundu tupu,
fizi iliyong'olewa jino.
"Thamostati aliitoa nani?"

Ndeeba. Mwaka tulionunua gari.
Kijana mmoja na kicheko chake aliniambia,
hiki kidude ni cha nchi za theluji, mzee,
Kampala jua ni la bure,
kitakuchemshia injini siku moja ukiwa na mashemeji.
Nikacheka naye. Nikamlipa elfu kumi na tano
aniibie joto la mwanangu,
aliyekuwa bado tumboni.
Kisha kazi ikanihamishia milimani
nami nikahama na tundu lile, silijui,
maji yakizunguka mbio mchana na usiku
bila mlango wa kuyaambia: ngojeni, muive.

Beinempaka akaleta kopo la maziwa ya unga,
akamwaga mezani thamostati tatu kuukuu.
Sigiri. Sufuria. Maji yakatokota.
Ninsiima, katoka shule, akavutiwa kigoda karibu na makaa.

Ya kwanza ikakaa kimya kama jiwe.
Ya pili ikafunguka, ikakataa kufunga tena.
"Hiyo ni mlango wa baa," fundi akasema,
akaitupa.
Ya tatu tukaiinamia vichwa vitatu,
mvuke ukitulowesha nyusi.
Ninsiima akahesabu. Alipofika sitini na nane
kile kisahani cha shaba kikajisogeza,
polepole, jicho la paka anayeamka,
naye akapiga kelele hadi mbwa wa jirani akajibu.
Tukaitoa majini. Ikajifunga yenyewe.
"Tena," akasema.
Tukairudisha mara nne. Fundi hakudai pesa ya makaa.

Jumanne, Rwahi, giza bado.
Mshale ulikuwa umefika katikati, umetulia,
nami nikautazama kuliko barabara
mpaka Kenyangi akanikumbusha kuwa malori yapo.
Kioo kikaanza kujifuta kutoka chini kwenda juu.
Nyuma, kimya kirefu. Nikageuza shingo kidogo.

"Baba, naweza kuvua soksi?"

"Moja," mama yake akajibu.
"Moja tu kwanza."