Ngeli ya Kinanda

Babu aliacha karatasi moja,
mgongoni mwa risiti ya mizani ya mkonge:
"Kinanda apewe Mwamvua. Asiachwe peke yake."

Arobaini haijatimia,
nyumba ya Barabara ya Kumi na Nne ikajaa vinanda.

Ami Kibwana akatoa cha santuri,
kasha la mninga, sindano hakina,
sahani moja imepinda kwa jua.
"Tangu nipate akili, kinanda ndicho hiki."
Shangazi akaipakata kodiani kama mtoto mgonjwa,
akaivuta. Ikakohoa vumbi la Ngamiani.
"Na hii je? Harusini kwangu mliiitaje?"
Mama Felista, jirani, mwanakwaya,
akasema kanisani kwao kinanda kina miguu
na hakipiti mlangoni.
Mimi nilikuwa nakitazama cha nyuma ya mlango,
shingo ndefu, tumbo la ngozi ya mbuzi,
nyuzi mbili za mshipi wa kuvulia changu;
wa tatu Babu aliuazima kufungia chandarua,
hakuurudisha.

Mwalimu Shemdoe, mstaafu, akaomba kalamu nyekundu.
"Marehemu alikuwa karani, lakini hapa kateleza.
Ki-vi, ndugu zangu. Kinanda kisiachwe."
Akapiga mstari. Wino ukapenya upande wa pili,
ukatua kwenye kilo za mkonge.

Ndipo chumba cha eda kikacheka.

"Mwacheni na a yake," Bibi alisema nyuma ya pazia.
"Miaka hamsini na miwili hakuniita jina langu.
Usiku nikianza, mchele umepanda, bati linavuja,
binti wa Mgeni kaposwa na nani sijui,
anageukia ukutani:
Haya, Kinanda kaanza.
Nikinyamaza ananigusa bega:
Kinanda, mbona hulii?"

Hakuna aliyejua pa kuweka macho.
Ami akakirudisha cha santuri juu ya kabati
taratibu, kama aliyekamatwa nacho.
Mwalimu alitafuta kifuniko cha kalamu
muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Sasa nalala chumba kimoja na urithi wangu.
Saa nane za usiku kitanda kinalia, kisha yeye:
"Mwamvua, umelala?"
Sijalala.
"Sukari nayo wameipandisha, umesikia?"
Nageukia ukutani, kama nilivyorithishwa.
Akikawia kuendelea,
nanyoosha mkono gizani, nalitafuta bega.